Mama mboga asidaiwe bima ya mwaka mzima kwa mkupuo

Majuzi nilimsaidia mama anayetuuzia sukuma wiki pale stejini kukamilisha usajili wake wa SHA, bima mpya ya afya ya Kenya, kwenye simu. Maswali ya kupima uwezo wake wa kulipa yakaja: paa ni la nini, sakafu ni ya udongo au saruji, choo ni cha aina gani, unapikia nini. Kwenye swali la kupikia akasita. "Mwanangu, nikisema nina gesi watanipandishia?" Gesi yenyewe ni mtungi wa kilo 6 aliopewa na binti yake, na ukiisha anarudi kwenye makaa. Tukajibu ukweli. Jibu likaja: zaidi ya shilingi elfu saba kwa mwaka, zilipwe zote ndipo bima ianze kufanya kazi. Akatia simu kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kukata sukuma. "Tutaona," akasema.

Mimi nina mshahara. Nakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata sihitaji kukumbuka. Yeye anayepata pesa kwa siku, leo mia tatu, kesho mvua inyeshe akose, ndiye anayetakiwa kuwa na pesa za miezi 12 mkononi. Enzi za NHIF, bima ya taifa ya zamani, alikuwa anatoa 500 kwa mwezi, na mwezi ukimshinda alijua ameshindwa na 500. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwenye hakika ya kipato analipa kidogo kidogo na asiye na hakika analipa kwa mkupuo. Nani alikaa mezani akaona hilo ni sawa? Baadaye wakaleta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipia mchango huo kidogo kidogo, na kwangu hiyo ni dalili kwamba walijua mzigo haubebeki.

Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa nchi hii wako jua kali, sokoni, shambani, kwenye boda boda. Ndiyo maana waliojisajili SHA walipita milioni 20, na bado wasio na ajira rasmi wanaolipa ni wachache mno. Viongozi wanasimama majukwaani kuwahimiza wananchi walipe, kana kwamba tatizo ni uvivu.

Thailand walipita njia hii kabla yetu. Miaka ya tisini walikuwa na kadi ya afya ya hiari, baht 500 kwa familia, nayo serikali ikiongeza fungu lake. Yaliyowapata ni haya yanayotupata sisi: mgonjwa alinunua kadi, mzima akasubiri augue, na mfuko ukawa unabeba wagonjwa watupu. Mwaka 2001 wakaacha kumfukuzia mkulima wa mpunga michango. Walianza na mikoa michache, na kufikia 2002 mpango mpya ulikuwa nchi nzima na sheria yake: wafanyakazi wa umma na wa kampuni wakabaki kwenye mipango yao, na kila raia aliyesalia akatibiwa kwa pesa za kodi, akitoa baht 30 tu anapofika hospitalini. Hao waliosalia ndio wengi, kama robo tatu ya nchi.

Kazi ya mabadiliko yale iliongozwa na daktari, Sanguan Nitayarumphong, aliyekuwa amehudumu vijijini na kuona familia zikifilisika kwa ugonjwa. Pesa ziligawiwa kwa idadi ya watu: hospitali ya wilaya inahesabiwa wakazi wake, inapewa fungu la kila kichwa, na inawajibika kwao wawe wazima au wagonjwa. Mwananchi hakuulizwa paa lake ni la nini. Na wasituambie Thailand ni tajiri, kwa sababu uamuzi ule ulifanywa miaka minne tu baada ya msukosuko wa 1997 kuangusha sarafu yao na kufunga mabenki. Ninachoweza kukubali ni kwamba walikuwa wameshajenga hospitali za wilaya na kuwalazimu madaktari wapya kufanya kazi vijijini. Sisi kuna kaunti ambazo kadi inaweza kusomeka vizuri na daktari hayupo.

Najua nitatajiwa Rwanda, kwamba wao wanachangia na wamefaulu. Ni kweli, mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, imefikia zaidi ya asilimia 80 ya watu, na mimi naiheshimu. Lakini mtazame jinsi inavyofanya kazi. Watu wanaweka akiba ya mchango katika ibimina, vikundi kama vyama vyetu, huko huko kijijini. Maskini kabisa analipiwa. Na tangu 2020 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 0.5 kuusaidia mfuko wa mutuelle. Kwa hiyo hata Rwanda inayosifiwa kwa michango haimwachii mkulima mzigo peke yake.

Ghana nao kwa sheria ya 2003 waliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma kwa ajili ya bima yao. Shida yao imekuwa hazina kuchelewesha pesa, na hilo na sisi tunalijua.

Sitaki kuililia NHIF. Ilioza, na madai ya wagonjwa hewa yalitutia aibu. Wala sisemi kila kitu cha SHA ni kibaya: kutibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya ni hatua kubwa, na angalieni inalipiwa na nini. Inalipiwa na kodi, kupitia Mfuko wa Afya ya Msingi. Sehemu isiyomdai mama mboga chochote ndiyo sehemu anayoweza kuitumia. Anapopewa barua ya kwenda hospitali ya kaunti, hapo ndipo mlango unafungwa. Wakati huo huo, Mkaguzi Mkuu ametuambia mfumo wa kompyuta wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali.

Na huyu mama analipa kodi. Analipa VAT ya asilimia 16 kwenye sabuni, analipa ushuru akinunua krediti, analipa tena akituma pesa kwa simu. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoahidi kule Abuja, Nigeria, mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hatujafika hata karibu.

Nataka wasio na mshahara waondolewe kwenye malipo ya mwaka, na hospitali za kaunti zilipwe kutoka hazina kwa kila mkazi, kama zahanati zinavyopaswa kulipwa. Bajeti ikisomwa Juni nitatafuta fungu la Mfuko wa Afya ya Msingi kabla ya kuangalia lolote lingine, na nitamwandikia mbunge wangu nimuulize limeongezwa shilingi ngapi.