Nilipakatwa Angani Cape Town, Ila Siku Ninayoikumbuka ni Niliyokataliwa

Ujumbe wa kwanza wa rubani wangu ulikuwa na maneno mawili tu: leo hapana. Kesho yake ukaingia mwingine, ule ule, hata nukta haikuongezwa. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeketi kitandani na viatu miguuni, nimeshaanza kumchukia mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni.

Nilikwenda Cape Town mwezi Januari kwa siku sita, mara yangu ya kwanza. Jambo nililolipania lilikuwa moja: kuruka na bawa la kitambaa kutoka kilima cha Signal Hill, nipite juu ya mji, nishukie ufukweni Sea Point. Mengine yote yalikuwa ya kujazia nafasi. Wenye mchezo wao wanauita paraglaidingi. Mgeni asiyejua kitu huruka na rubani, wawili kwenye bawa moja, rubani nyuma na mgeni mbele. Kwa Kiswahili tuna neno la siku nyingi kwa mkao huo: unapakatwa. Mtu mzima na kitambi chako, unapakatwa kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Nilipopiga simu kuweka nafasi niliulizwa uzito. Nikajipunguzia kilo tano, kwa aibu tu. Siku ya kuruka rubani alinitazama mara moja, akauliza tena taratibu, na safari hii nikasema ukweli. Kila bawa limepimwa kubeba uzito wa kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, watu na vifaa vyote pamoja, na rubani huchagua bawa kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa na mpango wa kwenda, danganya umri ukitaka, kilo ziache zilivyo.

Basi siku ile ya pili, kwa ukaidi, nikachukua teksi nikapanda Signal Hill mwenyewe, nikauone huo upepo unaozuia watu wazima kufanya kazi. Kilima si kirefu, kama mita 350 kutoka usawa wa bahari, na lami inafika mpaka juu. Nikasimama kwenye mteremko wanaporukia, uso kuelekea Atlantiki. Jua linawaka, anga haina doa, na upepo mwanana unanipapasa usoni. Chini kule maji ya karibu na ufukwe yametulia kama ya birika. Nikasema moyoni, hawa ni wavivu.

Palikuwa na rubani mmoja, si wangu, ameketi juu ya mfuko wa bawa lake. Nikamuuliza kwa nini haruki na hali ni nzuri hivi. Hakujibu. Alinionyesha kidole nyuma yangu.

Nikageuka. Juu ya Table Mountain, ule mlima wenye kilele bapa unaozidi mita 1,080, wingu jeupe lilikuwa limetandazwa na linamwagika kwenye kingo kama maziwa yaliyochemka yakafurika sufuria. Wenyeji wanaliita kitambaa cha meza. Ni upepo wa kusini-mashariki unaobeba unyevu kutoka baharini upande wa pili, unaupandisha mlimani, hewa inapoa, unyevu unakuwa wingu. Ikianza kushuka upande wa mji inapata joto tena na wingu linayeyuka kabla halijafika chini. Ukiliona linamwagika hivyo, jua kule juu kunavuma kweli kweli. Halafu akanionyesha mbele, mbali, nje kabisa ya ule utulivu wa ufukweni. Bahari yote ilikuwa na mapovu meupe.

Na huu unaonipapasa usoni je, nikauliza. Akasema huo ndio unaoua watu.

Maelezo yake nitayapitisha kwenye maneno ya manahodha wetu, maana ndivyo yalivyoniingia. Chombo kina upande wa joshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, ulio kinga. Kilima nacho ni hivyo hivyo. Upepo ukitoka baharini ukakipiga Signal Hill usoni, hauna pa kwenda ila juu, na hewa hiyo inayopanda ndiyo inayolibeba bawa. Ukitoka kusini-mashariki, unavuka mji na kilima kwa nyuma, na mteremko wa kurukia unakuwa demani. Hapo hewa inaporomoka, inajiviringisha, na sehemu ya chini ya huo mviringo inarudi nyuma na kupanda mteremko pole pole. Ndiyo ile iliyokuwa inanigusa. Umewahi kuona maji ya mto nyuma ya jabali, namna takataka zinavyoelea kurudi zilikotoka? Ni jambo lile lile. Ukiruka pale, sekunde kumi za kwanza ni tamu. Baada ya hapo unaingia kwenye mviringo wenyewe.

Na bawa lile, nililokuja kulishika siku mbili baadaye, halina ubao, halina chuma, halina foromali, ule mti unaoshika tanga. Ni nailoni na kamba nyembamba. Bawa la watu wawili lina kama mita 40 za mraba, limeshonwa kwa vyumba vyumba vyenye midomo wazi upande wa mbele. Hewa inaingia, inajaa, nguo inakakamaa na kuwa bawa. Maana yake upepo ndio mifupa yake. Ukija ovyo, kutoka juu au pembeni, mifupa inavunjika na nguo inajikunja. Wafaransa watatu walioruka mteremkoni kule Mieussy mwaka 1978 na miavuli yao ya kurukia kutoka ndegeni, wakauanzisha mchezo huu, waliruka na kitu kibovu zaidi ya hiki, lakini kanuni haijabadilika.

Niliteremka kilimani kwa miguu, kimya.

Jioni ile hostelini nilimsikia mgeni mmoja, ambaye kesho yake alikuwa na ndege, akibembeleza kwenye simu arushwe. Mara ya kwanza aliomba. Mara ya pili akaahidi kulipa mara mbili. Mara ya tatu akasema atatafuta kwingine. Aliyekuwa upande wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, akakata. Yule bwana akatugeukia sisi tuliokuwa sebuleni: huduma mbovu kiasi gani hii!

Mimi naona hiyo ndiyo huduma yenyewe. Tumezoea kwamba anayelipa haambiwi hapana, na biashara ya utalii imetulea hivyo hivyo, kila jibu ni hakuna shida, hakuna shida. Lakini ukiwa abiria wa bawa huna unachokijua wala unachokishika. Huwezi kukagua kamba, huwezi kusoma wingu. Ulichonunua, ukiondoa mandhari, ni hukumu ya mtu mwingine, na hukumu hiyo haionekani anapokubali. Siku nzuri kila rubani ni hodari. Ndiyo maana nashauri, kabla hujatoa pesa, usihangaike kuuliza wana nyota ngapi mtandaoni. Uliza: mara ya mwisho mliahirisha lini, na kwa sababu gani? Mwenye kazi yake atakujibu papo hapo, tena kwa urefu. Akijitapa kwamba yeye huruka kila siku, mshukuru uende zako. Leseni nayo iulize. Kule marubani wa kubeba abiria wanapaswa kuwa nayo, na hakuna aliyenuna nilipoomba kuiona.

Upepo wa kusini-mashariki unavuma sana miezi ya joto, na wenyeji wameupa jina la Daktari wa Cape, kwa kuwa wanasema unafagia hewa chafu ya mji. Basi daktari huyo aliniandikia mapumziko ya siku tatu. Ujumbe wa tatu ulipoingia nilijibu asante, na nilimaanisha.

Mama alipiga simu siku hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza kama nimesharuka. Nikamwambia bado, wamenikatalia. Akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Huyo aliyekukatalia ana mama yake."

Siku ya nne ujumbe ulikuwa mrefu: njoo saa tano, vaa viatu vya kamba, usile sana.

Kilimani mambo yalikuwa kinyume cha siku zile. Mlima umevuliwa kitambaa, kilele kinaonekana chote. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakokwenda, iliyofungwa kwenye mti ilikuwa inaelekea kilimani, yaani upepo unatoka baharini, laini, hausukumi wala hausiti. Rubani alitandaza bawa kama mkeka, akazipitia kamba moja moja kwa vidole, akanifunga mikanda ya mapaja na kifua, akanionyesha mwavuli wa akiba ulipo. Maagizo yakawa mafupi: kimbia, endelea kukimbia, usikae mpaka nikwambie, usiruke mwenyewe.

Nilikaa kabla ya kuambiwa. Kila mgeni hufanya hivyo, alinifariji baadaye. Bawa liliinuka nyuma yetu kwa kishindo cha nguo, likanivuta nyuma kama mtu aliyenishika shati, nikapiga hatua nne nzito, na ya tano miguu ilipohisi wepesi mwili ukadhani tumeshafika. Nikakunja magoti. Makalio yakaburuza majani, rubani akanifokea, nikanyoosha miguu na kukimbia hewani mithili ya jogoo aliyeshikwa mbawa. Video ipo. Sitaiweka hapa.

Baada ya hapo woga uliisha, na uliisha ghafla mno hata nikautilia shaka. Ghorofani naogopa, hata kwenye ngazi ya kubadilishia balbu naogopa. Nadhani pale juu jicho halina ukuta wa kulitelemsha hadi chini. Umekaa kwenye kiti, na nchi iko mbali kama ramani. Kimya hakuna, tofauti na watu wanavyosimulia. Kamba zinavuma, nguo inapapatika kidogo pembeni, na kidude kwenye paja la rubani kinalia pii pii kila hewa inapotupandisha.

Kushoto kilikuwa kilele cha Lion's Head kama jino. Kulia, uwanja wa Green Point uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010, bakuli jeupe limesahauliwa kwenye majani, na nyuma yake mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe unaowaongoza mabaharia tangu 1824. Nilichokipenda zaidi kilikuwa majini: misitu ya mwani mkubwa wa kahawia, unayumba wote kwa pamoja, na ukiwa ufukweni huuoni hivyo. Mbele, kwenye upeo, Robben Island. Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Kutoka juu kisiwa ni bapa sana, na kiko karibu na mji kuliko nilivyokuwa nimejichorea. Mtu aliyekuwa kule kisiwani aliweza kuuona mlima wa Table Mountain. Sikusema kitu, na rubani, ambaye alikuwa msemaji, naye alinyamaza.

Kisha mzinga ukalia. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, saa sita kamili mchana, hupigwa mzinga Signal Hill, desturi ya karne mbili. Nilikuwa nimesoma habari zake, na bado niliruka kwenye kiti kwa kiasi cha kumgonga rubani kidevu kwa kofia yangu.

Jambo moja nalijutia: kile kijiti cha kamera. Nilikishika kwa mkono wa kulia dakika zote, nikikigeuza kuutafuta uso wangu, na nusu ya safari nilijitazama mimi ninayejitazama. Video hiyo nimeicheza mara mbili tangu nirudi. Mwachie rubani kamera, au iache chini kabisa. Na akikuuliza kama unataka kuzungushwa kwa kasi kabla ya kutua, jibu kwa tumbo lako. Mimi nilijibu kwa mdomo, na mizunguko mitatu ikanitosha kwa maisha.

Kutua kulikuwa rahisi mno. Nyasi za kando ya njia ya Sea Point, watu na mbwa wao, akina mama na vigari vya watoto. Simama, alisema, akavuta breki zote mbili, bawa likasita kama ndege anayetaka kutua tawini, nikapiga hatua mbili. Tulikuwa tumekaa hewani dakika kumi na mbili.

Siku tatu za kungoja, dakika kumi na mbili. Ndiyo maana nasema ukifika, weka nafasi siku ya kwanza, ili uwe na siku za kukataliwa. Yule bwana wa simu hakuwa na kosa jingine, alipanga kuruka siku ya mwisho.

Siku ya tano Daktari alirudi, na wingu likatandazwa upya. Kibarazani wasichana wawili waliokuwa wamefika usiku walikuwa wanasoma simu kwa sura ninayoifahamu. Nikawauliza wana siku ngapi. Mbili. Wakauliza kama angalau kile kigari cha waya cha kupandia Table Mountain kinafanya kazi. Nikawaambia nacho hufungwa upepo ukizidi, na kivuko cha kisiwani huahirishwa bahari ikichafuka. Basi tukashuka pamoja kwa miguu hadi mtaa wa Bo-Kaap, sketi zao wamezishika kwa mikono miwili.