Farasi namba 12 hashindwi

Mbio za farasi ni mchezo usio na ufundi mwingi, ndiyo maana kila mwalimu tarajali anayetafuta alama za zana za kufundishia huukimbilia. Unachora njia 12 kwenye manila, kila njia visanduku 10, unazipa namba 1 hadi 12. Farasi ni vizibo vya soda. Wanafunzi sita wanazunguka ubao mmoja, kila mtu anachukua farasi wawili. Wanarusha dadu mbili, wanajumlisha, na farasi mwenye jumla hiyo anasogea kisanduku kimoja. Wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi.

Uhondo wake ni kwamba mbio zenyewe si za haki. Dadu mbili zina matokeo 36. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6, 6 na 8 kwa njia 5 kila moja, 5 na 9 kwa njia 4, na unateremka hivyo mpaka kwa maskini 2 na 12 wenye njia moja moja. Andalio langu la somo la uwezekano lilisema, kwa mwandiko ambao sijawahi kuupata tena: "Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini farasi namba 7 hushinda mara nyingi."

Darasa lilikuwa na wanafunzi 48. Vikundi 8, basi, na dadu 16. Dadu za kiwandani hazikuwepo, nikatengeneza za manila. Kazi yenyewe ni nyepesi: miraba 6 ya sentimita 4 kwa umbo la msalaba, pembeni unaacha masikio 7 ya kupaka gundi, unakunja, unabandika. Namba zinazotazamana zijumlike 7, yaani 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Rangi ziwe mbili, dadu moja nyekundu na mwenzake bluu, la sivyo wanafunzi watakuambia 3 na 4 ni sawa na 4 na 3, watahesabu matokeo 21 badala ya 36, na utabishana nao mpaka kengele.

Yote hayo niliyazingatia. Lililobaki ni mfuniko.

Upande wa mwisho kufungwa ndio unaobeba masikio matatu peke yake. Na kwa kuwa kidole hakiingii tena ndani kubonyeza, mtu anashindilia gundi ili ushike. Ikikauka, upande ule una manila maradufu na bonge la gundi lililojificha. Kiolezo kilikuwa kimoja kwa dadu zote 16, na kwenye kiolezo kile mfuniko uliangukia upande wa 1. Upande mzito hupenda kulala chini. 1 ikilala chini, juu inakaa 6.

Siku ya somo, namba 1 aligombaniwa vikundi vyote. "Mwalimu, mimi namba moja! Mimi nimesema kwanza!" Hapo nilitabasamu kama mtu aliyetega ndoano, kwa sababu dadu mbili haziwezi kujumlika 1 hata ukizirusha mpaka likizo. Mtoto mmoja alikuwa anakipapasa kizibo chake na kukinong'oneza kijitahidi.

Mrusho wa kwanza, dadu zote zikaenda chini ya madawati. Dadu hurushiwa ndani ya mfuniko wa boksi uliotandikwa kitambaa: haitoroki na haipigi kelele. Mifuniko ilikuwepo, imepangwa vizuri sana ofisini. Watoto 48 wakazama chini kutafuta, na hapo ndipo mkufunzi wangu wa chuo akafungua mlango na fomu yake ya tathmini mkononi. Alikuta darasa lisilo na kichwa hata kimoja, mimi peke yangu mbele nikifundisha makalio.

"Wako wapi?"

"Wanatafuta uwezekano," nikasema.

Akakaa nyuma. Mbio zikaendelea, na kilichofuata sikukielewa mara moja. Kikundi cha kwanza kikapiga kelele: "Kumi na mbili!" Cha tatu: "Kumi na mbili!" Cha tano kikaitikia. Farasi 12, ambaye kwa hesabu hutoka mara moja katika mirusho 36, alikuwa nusu ya njia kabla 7 hajachangamka, na nyuma yake alifuatwa na 11 na 10. Mimi ubaoni nachora jedwali la miraba 36 kuthibitisha ushindi wa 7, nyuma yangu 12 anatawazwa kikundi baada ya kikundi.

Mkufunzi akainuka, akaenda kikundi cha dirishani. Akamwuliza binti mmoja, "Umejifunza nini?"

"Nimejifunza kuwa 12 hashindwi. Nimemwekea penseli."

Kumbe sheria walishaiongeza wenyewe: anayeshindwa anatoa penseli. Kwenye dawati la mshindi zilikuwa tisa, na kifutio. Nilisubiri neno kamari litoke. Halikutoka, kwa sababu mkufunzi ni mtu wa hesabu na roho ilishamuuma. "Haiwezekani," akasema. "Anzeni upya. Mimi nachukua 7." Akaweka kalamu yake ya wino mezani.

Mirusho michache tu 7 akawa amesogea mara mbili na 12 anakaribia mwisho. Mkufunzi akainyanyua dadu, akaitikisa sikioni, akaipima kiganjani, akaigeuza mfuniko juu. Kisha akanitazama.

Dadu ya manila hupimwa kabla ya kuingia darasani: irushe mara 60, uandike. Kila namba itarajiwe kutokea karibu mara 10. Ikipita au kupungua mbili tatu si neno, lakini 6 ikitokea mara 20 na zaidi, hiyo ni ya kutupa. Kwa mwenye haraka, mifuko miwili inatosha, kila mmoja na vikaratasi 6 vya ukubwa mmoja. Unachomoa kimoja kila mfuko, unajumlisha, unavirudisha, unatikisa. Visiporudishwa hesabu yote inaharibika, na wavivu wa kurudisha hawakosekani.

Kengele ililia 12 akiwa ameshafika. Mkufunzi akanyoosha mkono kuchukua kalamu yake ajaze fomu. Binti akaifunika kwa kiganja.

"Sheria ni sheria, Mwalimu."

Akaazima yangu, ile nyekundu. Kwenye nafasi ya zana za kufundishia akaandika: "Zina uzito. Upande mmoja."