Sauti Haikemewi

Shangazi kanipigia kuuliza kama zile sauti za kichwani mwangu "zimeshatoka". Kama mafua vile! Kuna mtumishi wa Mungu huko Mbezi anakemea, eti wiki moja kwisha habari. Shangazi nampenda, lakini hapo alinichefua.

Zitoke ziende wapi? Mimi nina hali ya nafsi kugawanyika: humu ndani tuko kadhaa, na mmoja wetu kazi yake ni hofu. Asubuhi mwendokasi umeshona, yeye kashaanza: shuka, mlango uko mbali, yule wa shati la bluu anatuangalia. Ni sauti ya mtoto, inaongea harakaharaka. Ukimfokea anapandisha, mpaka mikono inakufa ganzi.

Hali hii kwa wengi wetu inaanzia utotoni, kwenye mateso ambayo mtoto hana pa kuyakimbilia, basi anajigawa. Huyu wa hofu ndiye aliyekuwa anasikiliza hatua za mtu mlangoni. Ni mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia zamu imeisha. Leo nimkemee kwa jina la nani?

Mimi namjibu. Kimoyomoyo, maana abiria wa Dar nao wana macho. "Nimekusikia. Tumeshakuwa watu wazima, nauli tunayo." Nashika chupa ya maji ya baridi kwa nguvu, namtajia vituo: Shekilango, Urafiki, Manzese. Tukifika Jangwani anakuwa amepoa. Yanayobaki anaandika kwenye daftari, nitasoma jioni. Siku moja nikakuta mwandiko usio wangu: "Jiko umezima?" Sikuwa nimezima.

Haya, nakubali kwa shingo upande: maombi yanatuliza. Shangazi akisali kwa sauti ya chini, hata mdogo wetu analala. Kuomba sawa. Kufukuza ndiko sitaki.

Na madaktari wasijichekee. Ukitamka tu "nasikia sauti", wengine wanaandika skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, kabla hujakaa vizuri. Vidonge vinaweza kupunguza wasiwasi, lakini hakuna kidonge cha nafsi kugawanyika. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, na ni ya muda mrefu. Wamarekani walilifuta jina la "nafsi nyingi" kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili tangu 1994. Mtaani kwetu bado ni "ana majini yake".

Ila sauti ikianza kukwambia ujidhuru, daftari weka pembeni. Mwamshe mtu unayemwamini, hata kama ni saa nane usiku, akupeleke hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Atakayekucheka kwenye foleni, mwache acheke.