Okidi za miombo: mahali zilipo pafichwe hadi wapi?

Watafiti wa okidi za mwituni siku hizi wanapoeleza spishi mpya, mahali ilipoonekana hupafumba makusudi. Utasoma jina la wilaya au safu ya milima, basi. Hata iNaturalist, tovuti wanakopeleka picha za viumbe watu wa kawaida, huficha yenyewe mahali halisi pa spishi iliyo hatarini.

Sababu wanayo. Mwaka 2002 dunia ilitangaziwa Phragmipedium kovachii, okidi ya Peru yenye ua kubwa la zambarau. Habari zilipoenea, wachumaji wa magendo wakalikomba eneo lake la kwanza. Kwetu Tanzania, nyanda za juu kusini, viazi vya okidi huchimbwa na kuvushwa Zambia vikapikwe chikanda, chakula cha huko. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Na okidi hairudi upesi: mbegu yake ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha.

Kwa okidi za kusini, usiri naukubali. Huku kanda ya kati unanipa shaka. Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia kama ya chui, hukaa juu ya miti ya miombo, vijizizi vyake vimesimama kama miiba kudaka majani makavu yanayoilisha. Hiyo haihitaji mwizi wa maua ili itoweke. Mti ukikatwa kwa mkaa, nayo imekwenda, na mwenye shoka huenda hakuiona kabisa. Maabara nazo zimepiga hatua: vinasaba vimeshatumika kutambua spishi za viazi vya chikanda. Lakini kwenye gunia la mkaa hakuna okidi ya kupima.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Kamati ya maliasili itaulindaje mti ambao mtafiti hakuitajia? Najua siri ya watu kumi huvuja, na mjumbe mwenye shida anaweza kuiuza. Hatari hiyo ni ya kweli, ila kwa miombo yetu naiona ndogo kuliko shoka.

Dunia isipewe ramani. Kijiji kipewe. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, ingeweza kuweka sharti: mtafiti asiondoke kabla hajawapeleka wanakamati msituni, akawaonyesha mti wenyewe.