Kitambi Hakijapata Taarifa

Mimi ni fundi cherehani, mambo ya kukisia sina. Naongea na futi kamba mkononi. Kiuno changu ni inchi 42. Kilikuwa 42 nilipoacha sembe, kikabaki 42 nilipoacha soda, na sasa, baada ya majani yote niliyotafuna katika nyumba hii, kimefika 42 na nukta. Hiyo nukta Kabula anasema ni makosa ya upimaji. Nimeanza kupima viuno vya watu enzi za Mzee Mwinyi, viuno vya maharusi, vya madiwani, vya kwaya nzima na mwalimu wao, leo mtoto wa juzi anifundishe kushika futi kamba!

Kabula ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Anasoma uuguzi hapa Mwanza na anakaa kwetu Igogo. Kabla hajaja, kitambi changu kilikuwa na heshima zake. Nikiingia dukani naitwa bosi hata kama nimekuja kukopa kiberiti. Wakwe wakinitazama wanaridhika kwamba binti yao yuko pazuri. Kabula kaja na begi lake na daftari lake, hata wiki haijaisha, kaniambia, "Mjomba, mwanaume kiuno kikizidi sentimita 102, hatari ya kisukari, presha na moyo inapanda sana."

Sentimita 102 ni inchi 40. Yaani nimezidi inchi mbili. Kwenye suruali inchi mbili si kitu. Unafumua mshono wa nyuma, unatoa ile akiba ya kitambaa uliyoiacha makusudi kwa sababu unawajua wanaume wa mji huu, unashona upya, unapiga pasi, mteja anaondoka anapiga mluzi. Nikamuuliza Kabula, kwa binadamu mnafumulia wapi? Akacheka, akaandika kitu kwenye daftari.

Halafu tazama uonevu. Sangara wa ziwani huku amewekewa kima cha chini: hajafika sentimita 50, huruhusiwi kumvua, mwache akue. Serikali inamwombea anenepe. Mimi mlipa kodi nimewekewa kima cha juu.

Haya. Mama Shija, mke wangu, alilipokea jambo hili kwa moyo wote. Sembe ikatoka, likaingia dona. Sukari ikatoka, ikaingia asali ya Tabora. Maandazi na chai ya maziwa vikapigwa marufuku, asubuhi ni uji wa lishe. Mafuta yakawa ya alizeti. Dagaa wakaacha kukaangwa, wakawa wanachemshwa na nyanya. Mgagani, mlenda, mchicha, kila siku. Parachichi mezani. Karanga kwenye kopo pale kwenye cherehani, ili nikihisi njaa nisikimbilie chipsi.

Nimetii. Mtu asije akasema sikutii. Walisema parachichi lina mafuta mazuri, nakula parachichi. Walisema karanga ni nzuri kwa moyo, kopo linajazwa asubuhi na jioni liko tupu, moyo wangu haudai kitu. Walisema dona lina nyuzinyuzi, nikaongeza dona. Sasa ugali wenyewe ni wa afya, nile kidogo kwa nini? Dawa nzuri mtu anameza nusu?

Kabula siku moja alisimama mlangoni akaangalia sahani yangu kwa muda mrefu. "Mjomba, nguvu iliyomo kwenye dona na kwenye sembe zinakaribiana. Mlima umebadilika rangi tu, ila uko palepale."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na tonge mdomoni.

Lakini la uji lilinichoma. Uji wa lishe nyie mnaujua: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, vinasagwa pamoja. Mama Shija anaupika mzito, unamiminika kwa heshima, anaweka na kijiko cha asali. Nakunywa kikombe kile kikubwa cha bati, na kwa kuwa ni wa afya naongezewa. Basi Kabula katoka mazoezini kwenye kliniki ya watoto, kanikuta nalamba kijiko, kasimama kashika kiuno. Eti, "Mjomba, leo tumekaa na akina mama wenye watoto wenye uzito pungufu. Unajua tumewafundisha kupika nini? Huo huo."

Nikasema subiri kwanza. Mtoto anapewa unga huu aongezeke. Mimi napewa unga huu huu nipungue. Unga unajuaje umeingia kwa nani? Nikamwita Mama Shija aje ajibu. Akajibu kwamba yeye aliambiwa uji wa lishe ni lishe, hakuambiwa ni ya upande gani. Mwanamke huyu angefaa bungeni.

Tukahamia kwenye mafuta. Mimi nikaleta dumu, nikamsomea maandishi: hayana lehemu. Si yangu hayo, yameandikwa dumuni. Kabula kasema lehemu ni jambo jingine, lakini mafuta ni mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya ng'ombe, kila gramu moja ina kalori 9, wakati ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Tukamtazama Mama Shija. Mama Shija hatumii kijiko. Mama Shija anainamisha dumu, anahesabu moyoni, mboga za majani zikianza kung'aa ndiyo anasimamisha. Mgagani unaoingia chunguni ni majani ya Mungu, ukitoka hapo unaweza kuulainisha mnyororo wa baiskeli.

Na mazoezi? Jamani, mimi nakaa Igogo mlimani. Nyumba yangu iko juu ya mawe yale mnayoyapiga picha mkija Mwanza, mkisema oo, jiji la miamba, pazuri. Pazuri kwenu mnaopiga picha. Mimi nayapanda kila jioni na mkoba wa vitambaa, nikipumzika kwa jirani wa kwanza, nikimsalimia jirani wa pili kwa kirefu ili nipumue, wa tatu nampungia mkono tu maana sauti haitoki. Kuna watu mjini wanalipia jimu wapande ngazi zisizofika popote. Kama kupanda kunapunguza mwili, mtaa wetu wote tungekuwa tunapeperuka. Kabula ana jibu hata hapo: mwili unazoea. Na ukipungua kidogo, eti nao unatumia kidogo, na ukiunyima chakula unaanza kubana matumizi. Kubana matumizi! Huo mwili umejifunzia wapi? Mwenyewe sijawahi.

Jumamosi nikajiunga na klabu ya jogingi. Nilishona hata fulana zao, nikawapunguzia bei, waniweke mstari wa nyuma nisionekane. Tunatoka alfajiri, mchakamchaka, nyimbo, filimbi, magari yanapisha. Raha kweli. Tunakimbia hivyo hivyo, tunatembea hivyo hivyo, jua likianza kuwa kali juu ya ziwa tunaishia wapi? Kwenye supu. Klabu haina katiba nyingine. Supu ya kongoro, ndimu, pilipili, chapati mbili za kusindikiza, maana huwezi kumrudisha mwanamichezo nyumbani anatetemeka. Pale watu wanapongezana, mwenyekiti anatoa nasaha za afya akifyonza mfupa.

Kabula akachukua kalamu. Saa nzima ya mwendo ule kwa mtu wa uzito wangu ni kama kalori 400. Chapati za mafuta mbili zimeshazimaliza, supu bado haijahesabiwa. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Nikagawanya mwenyewe, hesabu najua, mimi ni mtu wa vipimo. Inakuja saa 19. Saa 19 za mchakamchaka bila supu, kilo moja! Basi linatoka Nyegezi linafika Dar, abiria wanashuka wanachukua bajaji, mimi bado niko njiani natafuta kilo moja. Nani alipanga bei hii? Kuipata hiyo kilo sikumbuki hata kutoka jasho.

Akaona haitoshi, akaingia kwenye kazi yangu. "Mjomba, zamani ulikuwa unakanyaga cherehani kwa miguu?" Nikasema ndiyo, mpaka nilipofunga mota. Mota hiyo niliinunua kwa akiba yangu, nimeifunga mwenyewe pembeni, unagusa kwa ncha ya kiatu na sindano inakimbia. Sare za shule nilizokuwa nazimaliza kwa wiki sasa namaliza mapema, nakaa nasubiri wateja, natafuna karanga. "Ndiyo hivyo," akasema, "ulikuwa na mazoezi ya bure kutwa nzima." Sasa hata maendeleo yana hatia. Nikamwambia basi tuzime na umeme, turudi kwenye koroboi, tuone nani atasoma hilo daftari.

Kinachoniumiza zaidi ni shemeji yangu. Huyu ni kuli pale Mwaloni Kirumba, anapakia magunia ya dagaa kwenye malori. Akija kwetu anakula ugali sahani mbili, anauliza kama kuna ukoko, anakula ukoko, anashushia na soda mbele yangu, halafu anavaa mkanda ambao amejitobolea matundu ya ziada kwa msumari kwa sababu matundu ya fundi hakuyaona yakitosha. Kiuno inchi 29. Sijawahi kumsikia akitaja nyuzinyuzi. Kabula anasema ni magunia. Mimi nasema mtu ameandikiwa. Tumeliacha hapo kwa ajili ya amani ya nyumba.

Juzi alikuja mteja anataka suruali ipunguzwe inchi tatu. Inchi tatu! Nikaweka mkasi chini, nikamkaribisha kiti, nikamwomba kwa unyenyekevu anipe siri. Akaniambia amechukua mkopo wa kausha damu. Usiku halali, chakula hali, simu ikiita anashtuka. Kabula hiyo hajaifundisha bado, na riba yake siimudu.

Watu wa bodaboda nao wamejipa kazi ya uganga. Napanda peke yangu, kijana anageuka, anaangalia tairi la nyuma, ananiangalia mimi. "Mzee, ulivyo wewe ni mshikaki tosha. Trafiki akitukuta napigwa faini." Halafu anataka nauli ya watu wawili. Nimebishana nao pale chini mpaka wamenizoea, sasa nikitokeza tu kila mmoja anakumbuka kwamba anasubiri abiria wake.

Na bado hatujafika kwa shangazi. Shangazi yangu yuko Sengerema, na kwa miaka yote hiyo kilichokuwa kinanilinda ni maji. Kulikuwa na foleni ya kivuko cha Busisi, mzee wa watu asubiri juani na kuku wanapumulia kwenye tenga, basi anakuja kwa nadra, akija kuku wamekonda kuliko mimi. Mwaka 2025 wakafungua daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, dakika chache umevuka. Nililishangilia nami, sikatai, ni daraja la kujivunia. Sikujua limejengwa kuelekea kwenye kitambi changu. Sasa shangazi anakuja akijisikia tu. Mchele. Michembe. Matobolwa na karanga zake. Viazi vitamu vilivyokaushwa hivyo, vibichi na vya kuchemshwa. Kuku wawili, wakali, hawajui foleni ni nini.

Jana kapiga simu, "Mwanangu, niko Usagara." Wengine wanapiga simu wakiwa wanajiandaa, yeye anapiga ameshavuka. Nikaenda kumpokea Nyegezi, tukashuka Igogo na gunia, tenga na mfuko wa michembe. Tukaita bodaboda. Kijana akapima mzigo kwa macho, akampima shangazi, akanipima mimi, akafikiri. Akafunga gunia kwenye keria, tenga juu yake, shangazi akakaa katikati kapakata mfuko.

"Mzee, wewe si uko kwenye mazoezi? Tutakutana huko juu."

Na shangazi akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, mwanangu, tangulia basi, twende. Kwa nani? Kwa bodaboda.

Nimepanda mawe yale nikifuata harufu ya mchele wangu mwenyewe. Jirani wa kwanza, jirani wa pili, wa tatu mkono tu. Nimefika uani nimeloa, shati limegandana, natafuta kigoda. Mama Shija keshabandika maji ya kunyonyolea kuku. Kabula yuko na daftari. Shangazi kaninyanyulia uso, kanitazama juu mpaka chini, kashika shavu.

"We Mama Shija, mwenzio anaumwa nini? Mbona amekonda hivi?"

Nikamgeukia Kabula. Nikamwambia andika hiyo.