Ile Noti ya Mwisho ya "Celeste Aida"

Nikiulizwa nilichokipenda kwenye opera, wengi hutarajia nitaje mavazi, majumba yaliyopakwa dhahabu, au yule bibie anayekufa kwa kifua kikuu huku akiimba dakika kumi bila hata kukohoa. Mimi hutaja noti moja. Imo kwenye Aida ya mtunzi Mwitaliano Verdi, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, na huja mapema mno. Pazia limefunguka dakika chache tu, koo la tenori, mwanamume mwenye sauti ya juu, halijapata moto, na tayari anatakiwa asimame peke yake aimbe "Celeste Aida".

Anayeimba ni Radamès, askari kijana anayeota kuchaguliwa aliongoze jeshi la Misri, ashinde vita, kisha amjengee mpenzi wake kiti cha enzi karibu na jua. Neno la mwisho ndilo hilo jua, "sol" kwa Kiitaliano, nalo limewekwa kwenye si bemoli ya juu. Waliokulia kwenye kwaya za solfa wataitambua: ni do ya juu ya wimbo wenyewe. Verdi aliandika hapo pp, yaani iimbwe kwa upole kabisa, akaongeza "morendo", ififie kama kitu kinachokata roho. Sasa wasikilize matenori kumi. Wengi wanaipiga kwa nguvu zote, utadhani jua lenyewe ni kiziwi.

Nami nilianza na hao wa nguvu, na niliwapenda. Kisha nikakutana na rekodi ya tenori Franco Corelli ya miaka ya 1960. Noti ilianza imejaa, halafu ikapungua, ikapungua, ikabaki uzi. Nikaichukua simu nikaitazama, nikidhani chaji imekwisha. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Tangu siku hiyo siulizi tu wimbo gani unapigwa. Nataka kujua nani kaimba, mwaka gani, na pumzi aliivutia wapi.

Kuimba juu kwa nguvu si kazi ndogo, lakini angalau kuna kitu cha kuegemea, maana hewa inasukuma. Kuimba juu kwa upole hakuna pa kujishikiza. Nyuzi za sauti lazima zibaki zimekazwa vilevile huku msukumo wa hewa ukipunguzwa. Mwimbaji akilegea kidogo tu sauti inapasuka, au inageuka kisauti chembamba kisicho na mwili. Na kipaza sauti hakuna. Hata huo uzi unatakiwa umfikie aliyekaa kiti cha mwisho kule juu.

Inawezekanaje mtu mmoja asikike mbele ya okestra nzima? Mtafiti Johan Sundberg wa Sweden alilichunguza jambo hili. Nguvu nyingi za okestra ziko karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda juu ya hapo zinashuka. Waimbaji waliofunzwa, hasa wanaume, hujifunza kulipanga koo ili sauti yao ipate nguvu ya ziada karibu na hezi 3,000. Kwa hiyo hawashindani na okestra kwa ubavu. Wanapenya pale ilipopungua.

Toscanini, mwongozaji maarufu wa okestra, naye alikuwa na dawa yake ya noti hii. Alipoiongoza Aida mwaka 1949 New York ili irushwe hewani, Richard Tucker aliiimba noti ya juu kwa nguvu, kisha akayarudia maneno ya mwisho chini na kwa upole. Ni ujanja wa heshima, ila kwangu unafanana na kulipa deni kwa mafungu.

Kisha kuna Desemba 2006, La Scala, jumba la opera la Milano. Roberto Alagna alimaliza wimbo huohuo, watu wa roshani ya juu wakamzomea, naye akatoka jukwaani akaenda zake. Muziki haukungoja. Antonello Palombi, aliyekuwa akiba, alisukumwa jukwaani na nguo zake za kawaida, akaendelea kuimba katikati ya makuhani wa Misri ya kale. Mashabiki bado wanabishana nani alikosea. Mimi sizomei, koo si mashine. Lakini mtu aliyeingoja noti moja miezi mizima namwelewa.

Kwa hiyo ukinitaka ushauri, usianze na Ring ya Wagner, mfululizo wa opera nne, saa zipatazo 15 kwa siku nne, utatuchukia bure. Chukua wimbo mmoja wa dakika nne au tano, usikilize kwa makoo manne tofauti. Soma maneno kabla, na mwisho wa hadithi usome pia, hautakupunguzia kitu. Ukienda ukumbini, tafsiri inayoonyeshwa juu ya jukwaa itakusaidia. Utaratibu huo ulianza Toronto mwaka 1983, na wapo walioupinga kwa hasira. Walikosea.

Jonas Kaufmann, kwenye rekodi ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Antonio Pappano, aliifanya noti yangu kama ilivyoandikwa, kwa upole, ikafifia. Nilidhani hapo safari yangu imefika. Niliisikiliza mara tatu, nikaridhika kabisa, kisha nikarudi kwa Corelli, ambaye anaianza kwa nguvu isiyotakiwa. Na ziko asubuhi, nakiri, ninapowataka wale wa kumpigia jua kelele.