Giza la Ujiji na Darubini ya Cambridge

Kila Jumatano jioni, kuanzia Oktoba hadi Machi, Taasisi ya Astronomia ya Chuo Kikuu cha Cambridge huwafungulia lango watu wa kawaida bila kudai kiingilio, bila kuuliza mtu amesomea wapi, wala kumtaka aandike barua ya maombi. Kwanza huwa na mhadhara wa nusu saa, na baada ya hapo, mawingu yakiruhusu, watu hutoka nje kwenda kwenye darubini. Nimeishi Uingereza kwa miaka tisa, na katika mambo yote ninayoulizwa na jamaa wa nyumbani Ujiji, Kigoma, nikipiga simu, yaani mishahara, baridi na treni, hilo la Jumatano ndilo pekee ninaloliona kuwa linastahili kijicho.

Ilinibidi niende mara tatu ndipo nione kitu. Mara mbili za kwanza mhadhara ulikuwa mzuri na anga lilikuwa limefunga, tukarudi nyumbani na mabegi yetu. Mara ya tatu ilikuwa Januari, baridi inauma masikio, lakini anga limetakata. Jengo kuu la kituo hicho, lililojengwa mwaka 1823, lina nguzo nene za mtindo wa Kiyunani, ila foleni haikupangwa hapo; ilipangwa bustanini, mbele ya kuba lenye darubini iitwayo Northumberland, kwa jina la kabaila mmoja wa Kiingereza aliyeitoa zawadi katika miaka ya 1830. Lenzi yake ina upana wa takribani sentimita 30 na bomba lake lina urefu wa mita 6 hivi. Ndani ya kuba kulikuwa na taa nyekundu hafifu tu, maana taa nyeupe hulinyima jicho uzoefu wa giza, na jicho likishaupoteza huhitaji zaidi ya robo saa kuupata tena.

Zamu yangu ilipofika niliambiwa nisilishike bomba, nikaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeingizwa duka la vyombo vya udongo. Mwanzoni sikuona kitu ila kope zangu mwenyewe. Kisha ikaingia duara ndogo yenye rangi ya chai ya maziwa, imepitiwa na mikanda miwili ya kahawia, na pembeni mwake vidoa vinne vya mwanga vimejipanga kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo sayari ya Mushtarii, au Jupita, na miezi yake minne aliyoiona mtaalamu wa nyota Mwitalia, Galileo, mwaka 1610. Mimi nilichoona ni taa za mitumbwi iliyotoka mwalo wa Kibirizi, ikiwa mbali kiasi kwamba huwezi tena kujua ni ya nani. Pumzi yangu ikakifunika kioo kwa ukungu, na mwanafunzi aliyekuwa akituhudumia akasubiri kikauke, bila kunihimiza niondoke.

Baba yangu amevua dagaa Ziwa Tanganyika maisha yake yote, zamani kwa karabai na sasa kwa taa za sola. Dagaa huufuata mwanga. Kwa hiyo mvuvi huvua wakati wa giza, na ikifika mbalamwezi ziwa lote huwa limewaka, taa yake haina tena cha kuvuta, akatia chombo pwani akashona nyavu. Nilimpigia simu siku iliyofuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za huko kwenye barafu?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile nililoambiwa na yule mwanafunzi, kwamba wataalamu wanaotafuta nyota hafifu kabisa kwenye darubini kubwa za dunia hugawana usiku kwa kalenda ya mwezi, na kwamba siku za giza hugombaniwa huku siku za mbalamwezi wakipewa wenye kazi isiyodhurika na mwanga. Baba alicheka kwa muda mrefu.

"Basi hao ni wavuvi," alisema. "Ila sisi giza tunalo, na hatugombani."

Maneno hayo yamenikaa, kwa sababu ni kweli kuliko alivyokusudia. Kigoma iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta na Cambridge iko nyuzi 52 kaskazini, na tofauti hiyo si ya joto na baridi peke yake. Mtu wa Cambridge haoni kamwe kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, wala Mawingu ya Magellan, yaani galaksi mbili zionekanazo kama vipande vya wingu, wala nyota Alfa Centauri ambayo ni katika majirani wa karibu kabisa wa jua letu. Hata akizaliwa na kufa pale akiwa na darubini bora duniani, dunia yenyewe imemkinga kwa tumbo lake. Mtu wa Ujiji, kwa upande wake, akisimama ufukweni jioni ya Mei, ataona Msalaba upande wa kusini na kundi la nyota la Dubu Mkubwa upande wa kaskazini kwa wakati mmoja. Kinachomkosa kwa hakika ni Nyota ya Kaskazini na vijirani vyake vichache. Mwezi wa Julai ile Njia ya Maziwa, ukanda mweupe wa nyota, hupita karibu na utosi ikiwa na kiini chake chote kinachong'aa, ilhali Cambridge kiini hicho hakiinuki hata nyuzi 10 juu ya paa za nyumba. Hata mwezi mwandamo ni mwingine: kwetu hulala chali kama mtumbwi juu ya milima ya Kongo, na huku mara nyingi husimama upande kama mundu. Mwaka wangu wa kwanza niliutazama nikadhani una kasoro.

Si kwamba anga letu halina dosari, kwani mwishoni mwa kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa hulitia ukungu hadi nyota za chini zikapotea. Lakini tukihesabu alichogawa Mungu, sisi tumepewa fungu kubwa zaidi, na hata maneno tunayo. Marehemu bibi yangu hakukanyaga darasa, na alijua kwamba Kilimia, kile kishada cha nyota, kimepewa jina hilo kwa sababu ya kulima, na kila mwaka alitukumbusha kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenye foleni ya Cambridge nilimwona baba mmoja akikitafuta Kilimia hichohicho kwa programu ya simu, simu ameielekeza juu, macho ameyaelekeza kwenye simu.

Basi kijicho changu ni cha nini? Ni cha ufunguo. Katika shule ya sekondari niliyosoma nyumbani, ambayo sitaitaja, kulikuwa na darubini. Ililetwa na wageni ndani ya sanduku lenye sponji, ikapigwa picha na uongozi, ikaingizwa kwenye kabati la ofisi, na kwa miaka minne niliyokaa pale sikusikia kwamba imewahi kutazama kitu chochote. Tulipoomba kuiona tuliambiwa ni kitu cha thamani. Nakumbuka niliiona mara moja tu, kabati likiwa wazi kwa ajili ya kutafuta chaki: kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kimefungwa kwa karatasi ya kiwandani. Darubini ya Cambridge, yenye umri unaokaribia miaka 200, huinamiwa kila wiki na watoto wenye mafua.

Najua jibu la haraka la wenzangu, kwamba wenzetu wana fedha. Wanazo. Lakini kufungua mlango Jumatano usiku kunahitaji mtu mmoja mwenye ufunguo na wawili watatu wanaopenda kueleza, na hao wote niliowakuta pale walikuwa wanafunzi na wapenda nyota wa mjini waliokuja na darubini zao wenyewe, wakazisimamisha kwenye nyasi. Wala nisiwapambe Waingereza kupita kiasi, kwa maana katika mji huohuo viko vyuo vinavyomtoza mgeni kiingilio ili atazame majengo, na katika foleni ile ya watu karibu arobaini hakuna aliyemsalimu mwenzake mpaka mtoto mmoja alipouliza kwa sauti kama nyota huwa zinalala. Kwetu tungekuwa tumeshajuana hadi ukoo.

Tena chombo peke yake hakimpi mtu macho. Darubini hiyohiyo ya Northumberland ndiyo aliyoitumia mwanaastronomia wa Cambridge, James Challis, mwaka 1846 kuitafuta sayari iliyokuwa haijajulikana, na daftari lake lilipokaguliwa baadaye ikaonekana kwamba Agosti ya mwaka ule aliiandika Neptuni mara mbili akidhani ni nyota ya kawaida. Tarehe 23 Septemba, mwanaastronomia Johann Galle wa Berlin, aliyepokea siku ileile hesabu za Mfaransa Le Verrier za mahali sayari hiyo ilipotarajiwa kuwa, aliipata usiku huohuo kwa kuwa alikuwa na ramani mpya ya nyota ya kulinganishia. Hadithi hiyo tulisimuliwa na wenyeji wenyewe, chini ya bomba lenyewe, wakicheka. Nilivutiwa na kicheko hicho, kwa sababu kwetu taasisi ikikosea huificha kwenye kabati lilelile la darubini.

Asidai mtu kwamba watu wetu hawajali. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walifurika Rujewa mkoani Mbeya kutoka pande zote za nchi, na hakuna aliyewalipa. Mji wa Kigoma nao unazidi kupata taa, na sitamwomba mama yangu akae gizani ili mimi nikija likizo nifurahie nyota. Lakini taa ya barabarani yenye kifuniko kinachoelekeza mwanga chini humulika barabara vizuri zaidi, na ni vyema wanaozifunga walifikirie hilo sasa kabla nguzo hazijawa nyingi.

Likizo yangu iliyopita nilikwenda na darubini ya macho mawili, ile inayoandikwa 10x50, niliyoinunua mtumba. Baba aliegemeza viwiko kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, akakaa kimya, kisha akaihesabu miezi ya Mushtarii kwa sauti, akapata mitatu. Wa nne nadhani ulikuwa umejificha nyuma ya sayari. Kesho yake asubuhi nilimkuta akiitumia kuangalia nani amerudi na mzigo. Niliiacha kwake. Wiki iliyopita nilipompigia nikauliza kama ipo salama, akasema kamba imekatika, lenzi moja ina mchanga, na kwamba kwa sasa iko Katonga kwa vijana wa jirani, waliiazima giza lililopita na hajui watairudisha lini.